Croner kwenye vikumbusho vya kodi: uzoefu wangu

Natengeneza mfumo wa vikumbusho kwa ofisi ya uhasibu hapa Kinondoni. Wateja wake wengi wana maduka Kariakoo, na kinachowasumbua ni tarehe: PAYE ya wafanyakazi inatakiwa TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT tarehe 20. Mhasibu alitaka apange mwenyewe ujumbe utoke lini, asinisubiri mimi. Nikachagua Croner, maktaba ndogo ya JavaScript isiyotegemea maktaba nyingine yoyote, inayosoma mistari ya kroni (cron), yaani namna fupi ya kuiandikia kompyuta kazi ifanyike lini. Nimeridhika nayo sana.

Mstari wa kroni una nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. "0 9 5 * *" ni kila tarehe 5, saa tatu kamili asubuhi. Kuuchambua hakuna ugumu. Ugumu ni kujua mara ijayo ni lini hasa. "*/40" kwenye dakika, wengi hudhani ni kila baada ya dakika 40. Kumbe kazi hufanyika dakika ya 0 na ya 40, kisha saa mpya inaanza upya, kwa hiyo pengo la pili ni dakika 20 tu. Ukiandika tarehe 31 kwa kikumbusho cha mwisho wa mwezi, kitatoka miezi saba tu kwa mwaka. Croner inakubali herufi L mahali pa tarehe, nayo hutafuta siku ya mwisho ya kila mwezi, Februari ikiwemo.

Kilichonifanya niipende ni nextRuns. Unaipa idadi, inakurudishia tarehe zijazo. Nimeiweka kwenye fomu: mhasibu akibadilisha ratiba, tarehe kumi zinazofuata zinajitokeza chini yake. Hesabu yote inafanyika kwenye simu yake, hakuna kuuliza seva, bando linapumua. Siku moja alijaza tarehe 5 pamoja na Jumatatu, akitaka ujumbe utoke tu pale tarehe 5 inapoangukia Jumatatu. Akaniita: "Kaka, mbona Jumatatu zote zimo?" Ni kanuni ya kroni tangu zamani: ukijaza tarehe na siku ya wiki kwa pamoja, mojawapo ikitimia inatosha. Croner inaifuata, ila ina mpangilio wa kudai zote mbili. La msingi ni kwamba aliliona kabla ya ujumbe hata mmoja kutoka, na hajui kroni ni kitu gani. Kwangu mimi, maktaba ya ratiba isiyoweza kumwonyesha mtumiaji tarehe zijazo haijakamilika.

Halafu kuna saa. Mhasibu anasema saa tatu asubuhi, mstari unaandikwa 9, na seva yetu iliyoko Ulaya, inayofuata UTC (saa ya marejeo ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu), inahesabu 6. Kutoa tatu kichwani kunawezekana, lakini anayerithi msimbo wako atateseka. Croner unaitajia "Africa/Dar_es_Salaam" na mambo yanaisha. Kwa mteja aliyeko London faida ni kubwa zaidi, maana kule saa husogezwa mbele Machi na kurudishwa Oktoba. Tofauti yetu nao ni saa tatu majira ya baridi, mbili majira ya joto. Sisi hatusogezi saa, ndiyo maana wengi hatulikumbuki jambo hili.

Ina mpaka wake. Ratiba hukaa kwenye kumbukumbu ya programu inayoendeshwa. Seva ikizimwa saa tatu kasoro na kuwaka saa nne, kikumbusho cha saa tatu hakitoki chenyewe. Kwa hiyo naandika kwenye hifadhidata kila kikumbusho kilipotoka mara ya mwisho, na programu ikiwaka inatafuta kilichorukwa. Kwa kazi ya kodi usiache hatua hiyo. Kama unataka foleni kamili yenye seva kadhaa, tafuta zana nyingine. Kwa seva moja na fomu ya kwenye simu, ichukue. Ni ya bure, leseni yake ni MIT.