Neema Crafts, Iringa: agiza kwa kalamu, nunua kwa jicho

Anayetoka Dar kwenda Mbeya huiona Iringa kwa chini tu, pale Ipogolo. Mji wenyewe uko juu kilimani. Ukishuka stendi ya Igumbilo, chukua daladala au bajaji mpaka karibu na mnara wa saa, kisha ulizia Neema Crafts. Ni mradi ulioanzishwa chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, wenye karakana, duka, mgahawa na nyumba ya wageni. Aliyeuanzisha mwaka 2003 ni Susie Hart, msanii kutoka Uingereza, akiwa na vijana watatu viziwi na wazo ambalo wengi wangelicheka: kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye mradi ulikua hadi kuajiri zaidi ya watu 100 wenye ulemavu.

Tuanze na mgahawa, maana hapo ndipo wageni wengi hukosea. Wahudumu ni viziwi. Ile “psss” ya kwenye baa haina kazi hapa, na kuongeza sauti ni kujichosha koo na kukunja uso bure. Inua mkono mhudumu akiwa anatazama upande wako, au gonga meza kidogo akiwa karibu, mtikisiko utamfikia. Usimvute nguo kutoka nyuma. Mkishatazamana, onyesha kwenye menyu au andika.

Kuandika nako kuna namna yake. Kwa kiziwi wa kuzaliwa, lugha kuu mara nyingi ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Kiswahili cha maandishi kwake ni lugha ya pili, tena kajifunza kwa macho peke yake. Sasa Kiswahili chetu hiki hubebesha kitenzi kimoja mzigo wote. Kati ya “niwekee” na “usiniwekee” kuna herufi 3 tu, na mwandiko wa haraka unazimeza. Ndiyo maana aliyeandika “naomba chai ila sukari usiniwekee sana” anaweza kuletewa kitu asichokitaka, na kosa ni la kwake. Andika hivi, kila kitu mstari wake:

Chai 2
Keki 1
Sukari 0

Namba ziwe namba, na maneno ya heshima yabebwe na uso. Bili nayo iombe kwa maandishi. Mkiwa wawili mnaosikia mezani, msimjadili mhudumu naye kasimama hapo. Hasikii, lakini macho anayo. Na kama una dakika 10 tu kabla basi halijaondoka, chukua kitafunwa stendi, hapa patakukera bure.

Ndiyo mgahawa pekee ninaoujua ambapo yale maneno ya Yohana, tusipende kwa ulimi bali kwa tendo, ni utaratibu wa kuagiza chai.

Dukani kuna mengi, ila karatasi ndiyo ya kuitazama kwanza. Tembo mkubwa hula zaidi ya kilo 100 za majani, magome na matawi kwa siku, na tumbo lake halisagi hata nusu yake. Nyuzi zinatoka zikiwa nzima. Kazi ya karatasi ya namna hii, popote inapofanyika, huanza na kinyesi kilichokauka: kinaoshwa, kinachemshwa kwa saa kadhaa na kostiki soda au magadi ili vijidudu vife na nyuzi zilainike, kinasuuzwa mpaka maji yatoke safi, kinapondwa, kisha kinachanganywa na rojo la karatasi chakavu. Fremu yenye wavu inazamishwa kwenye beseni, inainuliwa ikiwa sawasawa, tope linalazwa juu ya kitambaa, linakamuliwa na kuanikwa. Harufu? Hakuna. Inakwisha kwenye kuchemsha na kusuuza.

Kabla ya kununua kadi au daftari la karatasi ya mkono, liinue kwenye mwanga. Upande mmoja mzito na mwingine mwepesi maana yake fremu iliinuliwa ikiwa imeinama. Pembe zilizojikunja ni za karatasi iliyoanikwa bila kukamuliwa vizuri. Ikipasuka unapoikunja, huenda kostiki haikusuuzwa ikaisha. Tumia kalamu ya kawaida ya bolpeni. Wino wa majimaji husambaa, kwa sababu karatasi ya namna hii mara nyingi haina ule utando wa kuzuia maji. Ukiishi Tanga, Mombasa au Zanzibar, ihifadhi mbali na ukuta, unyevu wa pwani utaiotesha ukungu.

Kwenye nguo zilizofumwa, angalia kingo. Mfumaji akivuta mshindio (uzi unaokatiza) kwa nguvu mno, mtande (nyuzi za urefu) unabanwa na kitambaa kinaota kiuno: kipana juu na chini, chembamba katikati. Kitandaze mezani utaona. Rangi nzito zifue peke yake mara ya kwanza, kwa maji baridi. Shanga za kioo zipapase kwa kidole kwenye mdomo wa tundu. Lenye makali litakata uzi ndani ya miezi michache.

Bei ni ya kazi ya mkono, na atakayelinganisha na mtumba wa sokoni ataguna. Agune tu. Kitambaa cha mita 2 ni kazi ya kutandika nyuzi moja moja kabla mshindio wa kwanza haujapita, na anayefuma analipwa ujira. Hata hivyo kitu kisipokupendeza, kirudishe mezani bila kuona haya. Kununua kwa huruma ni sadaka iliyovikwa nguo ya biashara. Inamwambia fundi kwamba kazi yake haikutazamwa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Hapa hesabu imegeuzwa, na ndipo lilipo somo kwa parokia na sharika zinazokuja kutembelea kwa mabasi, zikapiga picha na kurudi nyumbani kununua vyerehani 5 ili kuanzisha mradi wao. Miradi mingi ya namna hiyo hufa mapema. Sababu huwa ni zilezile: vifaa vinanunuliwa kabla soko halijajulikana, hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema “hiki hakiuzwi, fumua”, na bidhaa zinapigwa mnada baada ya ibada, ambako waumini hununua mara moja kwa moyo safi na hawarudi tena. Vikapu vinarundikana kwenye stoo ya kanisa, mafundi wanalipwa “posho” badala ya mshahara, na ikifika Pasaka ya pili vyerehani vina kutu.

Anayetaka kuiga aanze kidogo: watu 3, bidhaa 1, mnunuzi mmoja ambaye si muumini wa hapo. Aweke mkalimani wa lugha ya alama, au kiongozi ajifunze mwenyewe kabla hajaajiri kiziwi. Bila hivyo maagizo yote yatapitia kwa ndugu wa fundi, na fundi atabaki mtoto kazini kwake. Meza ya kazi ipimwe kwa kiti cha magurudumu, si kiti kwa meza: chini yake pawe na nafasi ya magoti, na mlango uwe na upana wa sentimita 90 hivi. Ngazi moja tu ya nje inatosha kumfukuza mtu uliyemwita.

Kwa msafiri: panga kufika siku ya kazi ili uikute karakana ina watu, omba ruhusa kabla ya picha, na Juni na Julai beba sweta. Iringa ina baridi.