IST yangu kutoka yadi ya Kinondoni

Lori la mchanga liliivaa Vitz yangu kwa nyuma pale Kibaha, chesisi ikapinda, bima wakasema haitengenezeki. Namshukuru Mungu nilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe.

Pesa ilipotoka nikaenda yadi moja Kinondoni kutafuta Toyota IST, ile ya injini ya 1NZ, lita 1.5. Kijana wa pale hakunikimbiza hata kidogo. Aliniruhusu nije na fundi wangu, akainua zulia la buti kutafuta kutu, akavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ukikuta tope, gari limewahi kuzama. Ulikuwa safi.

Tairi za mbele zimeisha, wakagoma kubadilisha, hilo limeniuma. Nikiona lori kwenye kioo bado natetemeka, ila breki zinashika vizuri.