Vichupa vya MDP vya wakala wetu: sinunui tena (labda)

Nianze kwa kusema bado nina hasira, kwa hiyo msomaji punguza chumvi mwenyewe.

Kazi yangu ni kuandaa dawa kwenye idara ya tiba ya nyuklia. Siku za kipimo cha mifupa tunakamua jenereta alfajiri (si ya umeme, hii hutoa teknesiamu, kitu chenye mionzi), tunachoma pateknetati, yaani teknesiamu inavyotoka humo, kwenye kichupa cha MDP, dawa inayoipeleka mfupani, tunatikisa, tunasubiri, tunapima. Kichupa chenyewe ukikitazama ni unga mweupe kiduchu, utadhani mtu kakisahau bila kukiosha. Lakini humo ndimo iliko chumvi ya bati, na bila bati hakuna kipimo. Teknesiamu inatoka kwenye jenereta imekumbatiwa na oksijeni nne, haishikani na kitu. Bati huipa elektroni, namba yake ya oksidisho inashuka kutoka saba hadi nne, ndipo inapokubali kushikana na MDP na kwenda mfupani. Bati likikutana na hewa mapema, limeshajimaliza. Ndiyo maana kiwandani wanajaza nitrojeni na kufunga kwa kifuniko cha alumini kisichocheza.

Cha kwangu kilicheza. Nilikigusa kwa kidole kikazunguka chenyewe.

Nikaendelea, maana watu walikuwa kwenye benchi. Nikadondosha tone kwenye karatasi, nikaisimamisha kwenye asetoni. Pateknetati isiyoshikwa hupanda na asetoni hadi juu, iliyoshikwa hubaki chini. Juu nikakuta karibu robo nzima ya mionzi! Kikomo chetu ni asilimia 10, na siku za kawaida hata 3 hatufiki. Dawa hiyo ukimchoma mgonjwa, tumbo linawaka, tezi ya shingo inawaka, tezi za mate zinawaka, halafu daktari aambiwe atafute saratani kwenye uti wa mgongo nyuma ya tumbo linalong'aa.

Nikafungua kichupa kingine cha boksi lilelile. Yaleyale. Pateknetati ileile nikaiweka kwenye kichupa cha DTPA, dawa ya kupima figo, cha mgonjwa mwingine, ikashika vizuri kabisa. Mwenye akili ameshajua kosa liko wapi.

Nikampigia wakala. Eti, "Dada yangu, hiyo ni jenereta yenu. Ikilala wikendi nzima inajaza teknesiamu iliyochoka, inamaliza bati." Kwa kemia hajakosea. Ila haikuwa Jumatatu, na jenereta tuliikamua jana yake. Nikamweleza. Akahamia pengine: "Basi mnaingiza hewa na sindano. Mafunzo tunayo, naweza kuwapangia kwa bei nzuri."

Kwa bei nzuri! Nimeshika kichupa ambacho kifuniko kinazunguka kama pia, na mtu ananiuzia darasa. Nikamtumia picha na namba ya toleo. Akazisoma, tiki zikawa bluu, kimya.

Kati ya wale wa kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja aliyetoka mkoani kwa basi la usiku, saratani ya titi, ameshakunywa maji chupa nzima kama tulivyomwambia. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa nirudi lini?" Huyo wakala angekuwa pale amjibu yeye. Na teknesiamu haimsubiri mtu. Kila zikipita saa 6, nusu yake imekwenda, na tuliyokamua alfajiri ile nyingi ikaishia kwenye kopo la taka la madini ya risasi.

Sasa hapa ndipo ninapojichanganya. Vichupa vyenyewe, kabla ya boksi lile, sikuwahi kuvilalamikia. Picha safi, mbavu unazihesabu moja moja. Na boksi lililofuata nimelipima, safi pia. Kwa hiyo nikisema bidhaa ni mbovu nitakuwa nimesema uongo. Toleo moja lilifungwa vibaya, basi. Viwanda vyote hukosea. Nilikuwa nimeshaanza hata kumsamehe.

Halafu boksi la kufidia likafika. Ndani, juu ya vichupa, kuna ankara ya usafiri, ina jina la idara yetu na muhuri. Sijaipeleka kwa mhasibu na sitaipeleka. Ukinunua kwake, zungusha kila kifuniko kabla dereva hajaondoka, na usisaini kitu mpaka umemaliza.