Kuikuza bolti au kuibadilishia saizi?

Umechora kibano kwenye FreeCAD, programu ya kuchora vitu vya 3D, kwa bolti ya M6 (kipenyo mm 6), sasa unataka M8 (mm 8). Njia ya mkato ni kuikuza bolti yenyewe mara 1.333. Kwa macho, safi kabisa. Ila hebu ipime: urefu wa mm 30 umekuwa 40 bila kuombwa. Kichwa cha mm 10 sasa ni 13.33, wakati cha M8 halisi ni 13, kwa hiyo spana namba 13 haiingii. Meno nayo yameachana kwa mm 1.33 badala ya 1.25, na nati ya dukani itakwama baada ya mizunguko michache. Bolti hiyo huipati kwenye duka lolote la vifaa.

Njia ya pili ni kuichukua bolti kwenye Fasteners, kiongezi cha FreeCAD chenye bolti na nati za kawaida, kisha kubadilisha kipenyo tu katika sifa zake. Kichwa na meno vinafuata jedwali la ISO, yaani viwango vya kimataifa. Urefu unauchagua mwenyewe. Tundu la kibano usilisahau, hilo ni kazi nyingine.

Kukuza kunatosha kwa picha ya tangazo. Kwa kitu kitakachofungwa kwa spana, mimi sithubutu.