Mafuta ya bunduki kwa hewa ya Tanga: yapi ununue, yapi uyaache dukani

Alama ya dole gumba langu la kulia imo kwenye mtutu wa shotigani ya marehemu baba, na haitoki. Niliushika mtutu Ijumaa mkono ukiwa na jasho, nikaitia bunduki kwenye mfuko wake wa turubai, nikaifungia kabatini. Jumanne nilipoitoa, mistari ya kidole ilikuwa imejichora kwa kutu, mmoja mmoja, safi kabisa, kama nilivyogongeshwa vidole nilipoombea leseni. Tulikuwa tunakaa Raskazone wakati huo, mahali ambapo kusi likivuma hata bawaba za dirisha zinalia.

Ndiyo maana miongozo mingi ya mafuta ya silaha iliyoandikwa Ulaya na Marekani huwa hainifai. Wenzetu kule wanakwenda uwanja wa shabaha na kupiga risasi mia mbili kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo hoja yao kubwa ni masizi na joto. Bunduki yangu inalinda mihogo na machungwa Muheza dhidi ya nguruwe pori, na kuna miezi inapita haijalia hata mara moja. Muda wote uliobaki imekaa ndani, inavuta hewa ya chumvi. Kwa hiyo nimeyapanga mafuta haya kwa utaratibu wangu: kwanza yanazuia kutu kiasi gani, pili yanasafisha vipi, na utelezi nimeuweka mwisho. Shotigani ya mtutu mmoja ina sehemu mbili tatu tu zinazosuguana. Haihitaji utelezi wa injini ya basi.

Na kabla hujafungua kichupa chochote: fungua bunduki, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, tia kidole uthibitishe, kisha risasi zote zitoke chumba hicho. Mafuta hayatakiwi kugusa risasi hata kidogo. Yakipenya kwenye fataki yake, kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa risasi, huiua, nawe utajua siku unayoihitaji.

La kwanza: Ballistol

Ni mafuta ya Kijerumani, yalitengenezwa karne ya 20 ilipokuwa inaanza, jeshi la huko lilipotaka mafuta ya aina moja yafaayo kwa chuma, kitako cha mbao na mkanda wa ngozi kwa pamoja. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuyapa nafasi ya kwanza. Bunduki nyingi za watu binafsi huku kwetu ni za zamani, mbao zake zimekauka, mikanda imepasuka. Kichupa kimoja kinahudumia vyote.

Sababu ya pili ni maji. Mafuta ya kawaida na maji hayapatani, lakini haya ukiyachanganya na maji yanageuka meupe kama tui. Ukipitisha tui hilo mtutuni, maji yanayeyusha chumvi, kisha yanakauka na kuacha utando wa mafuta nyuma yake. Kwa mtu wa pwani hili ni jambo kubwa, kwa sababu chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Unaweza kuupaka mtutu mafuta ya gharama yoyote, chumvi ikiwa chini yake kutu litakuja tu.

Harufu yake ina mabishano. Mimi nasikia bizari tamu. Mke wangu anasikia soksi, na amepiga marufuku kazi hiyo ndani ya nyumba. Kasoro ya kweli ni kuyapata. Yangu huagizia Dar es Salaam, kwenye duka la silaha lenye leseni, na mtu akienda namkumbusha mara tatu.

La pili: CLP

Herufi tatu hizi zinasimamia kazi tatu: kusafisha, kulainisha na kulinda. Yanatengenezwa na kampuni mbalimbali. Yanayojulikana zaidi ni Break-Free, ambayo jeshi la Marekani limeyatumia kwa miaka mingi. Kama wewe ni msimamizi wa walinzi, na silaha zenu ni shotigani za pampu au bastola zenye vyuma vingi vinavyotembea, basi kwako wewe haya yanapanda kuwa ya kwanza, Ballistol yanashuka. Utando wake hung'ang'ania chuma vizuri. Lindo la usiku la bandarini, umande na upepo wa bahari vyote kwa pamoja, linahitaji mafuta ya namna hiyo.

Tikisa kichupa kabla ya kumimina, kwa sababu baadhi yake yana chembe za kuteleza zinazotuama chini. Usiyapake kwenye mbao. Na yanunue kwa kichupa cha matone, achana na kopo la kupuliza: la kupuliza linamaliza nusu ya mafuta hewani na nusu nyingine kwenye kitako.

La tatu, na ndilo ninalotumia kila wiki: mafuta ya cherehani na mafuta ya taa

Hapa ndipo wengi wetu tutaishia, tena bila aibu. Mji wetu ni mji wa baiskeli na mafundi cherehani, na mafuta haya mepesi, meupe, yamejaa Ngamiani kuanzia barabara za mwanzo mpaka za mwisho. Fundi mmoja mzee niliyezoea kununua kwake aliniuliza nilipofuata kichupa cha tatu ndani ya mwezi mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo cherehani yako inakunywa kama ya kiwandani. Unashona magunia?"

Nilicheka tu. Mambo ya silaha hayatangazwi barazani.

Kazi zimegawanyika hivi. Mafuta ya taa ni ya kusafisha: yanalegeza masizi na grisi ya zamani. Chovya brashi ya shaba ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), ipitishe kutokea upande wa chemba kwenda mdomoni, mara kumi au zaidi, kisha vuta vitambaa mpaka kitoke kikiwa safi. Michirizi ya plastiki inayoachwa na risasi za kisasa haiogopi mafuta ya taa. Hiyo itoe kwa nguvu za brashi. Vitambaa visikupe shida: kanga kuukuu ya pamba inashinda vipande vingi vinavyouzwa madukani kwa kazi hiyo. Mswaki wa zamani unaingia kwenye kona za mtambo.

Kosa la watu wengi ni kuishia hapo. Mafuta ya taa yakikauka hayaachi ulinzi wa maana, chuma kinabaki uchi. Kifute kikauke, ndipo upake mafuta ya cherehani, tone mojamoja, uyasambaze kwa kitambaa mpaka chuma kionekane kimelowa kidogo tu, kama paji la uso la mtu aliyepanda ngazi. Udhaifu wake nao nauweka wazi: ni mepesi, yanatiririka na kuisha upesi. Kutokana na hewa ya hapa, mimi narudia kila Jumamosi, na wakati wa masika hata katikati ya wiki. Ukiwa mvivu wa kurudia, panda juu ununue CLP.

Ukiyaona 3-In-One kwenye duka la vifaa vya baiskeli, ni ndugu wa karibu, chukua. Yana umri mkubwa kuliko sisi sote. Yalianza Marekani mwaka 1894, na baiskeli ndiyo iliyoyazaa.

La nne: oili mpya ya injini

Oili mpya ina dawa za kuzuia kutu, na uzito wake unaifanya ikae kwenye chuma muda mrefu kuliko ya cherehani. Kwa bunduki inayofungiwa kabatini miezi mitatu, si chaguo baya, tena ukinunua lita moja utarithisha wajukuu. Tatizo ni uzito uleule. Ndani ya mtambo inakusanya vumbi na vumbi linakuwa uji. Ipake nje na ndani ya mtutu, basi.

Nimesema mpya. Oili chafu iliyomwagwa gereji ina masizi, unga wa chuma na tindikali zilizotokana na kuungua kwa mafuta, na si kitu cha kuchezea na ngozi yako. Kuna mlinzi mmoja nilimkuta anaipaka kwa fahari kabisa, "hii inashika, kaka." Inashika kweli.

La tano: WD-40

Najua nitabishiwa, maana kopo la buluu na njano limejaa kila hadweya na kila mtu analiita mafuta. Lakini jina lenyewe linaeleza. Herufi mbili za mwanzo ni za kufukuza maji, na 40 ni jaribio la 40 la watengenezaji wake wa San Diego mwaka 1953, walipotafuta dawa ya kuzuia kutu kwenye roketi. Kazi yake hiyo inaiweza. Umevuka Pangani kwa boti, mawimbi yamekurushia maji ya chumvi: futa bunduki kwa kitambaa kilichochovywa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, puliza WD-40 kila kona, futa tena. Halafu paka mafuta ya kweli juu yake. Sehemu kubwa ya alichokipuliza mtu huruka hewani, na kinachobaki ni utando mwembamba sana. Anayeifungia bunduki kabatini kwa WD-40 peke yake ataonana na dole gumba lake.

Nje ya orodha

Hoppe's No. 9 nimeyaacha nje kwa sababu si mafuta ya kulinda, ni dawa ya kusafishia mtutu, ya tangu 1903. Mwenye raifo atayapenda, kwani risasi za raifo huacha shaba mtutuni na mafuta ya taa hayaigusi shaba. Ukitumia dawa yoyote inayokula shaba, suuza brashi yako mara moja, la sivyo itaila nayo. Kwa shotigani ni anasa.

Grisi: tone la ukubwa wa punje ya mtama kwenye bawaba ambapo bunduki inafungukia. Hapo tu.

Gobole lina sheria zake. Baruti yake nyeusi inaacha majivu yenye chumvi yanayovuta unyevu, na hakuna kichupa cha duka kinachoyashinda maji ya moto na sabuni. Si jambo jipya hapa: askari wengi wa upande wa Wajerumani katika vita vya Tanga, Novemba 1914, walikuwa bado na bunduki za modeli ya 1871 zenye baruti ya moshi, na masalia yake ni yaleyale. Osha siku hiyohiyo uliyopiga, usiseme kesho. Mimina maji ya moto mpaka yatoke meupe, kausha kwa kitambaa kwenye mdeki (ile fimbo ya mtutuni), acha chuma kipoe, paka mafuta. Hapa Ballistol na maji yanajilipia bei yake yote.

Kuhusu mafuta ya nazi

Nayaandikia pembeni kwa sababu hakuna mzee wa pwani asiyeyapendekeza, na mimi mwenyewe niliyatumia mwaka mzima. Mlango, panga, nywele, goti, vyote tunavipaka nazi. Kwa nini bunduki isipakwe? Hapa mjini sikuona ubaya zaidi ya harufu ya kuchacha na sisimizi.

Kisha Julai nikapanda Lushoto kwa ami yangu, nguruwe wanamalizia viazi. Alfajiri, baridi inauma masikio, nguruwe yuko hatua ishirini, nikavuta kifyatulio. Tk. Hakuna kilichotokea. Nikaelekeza mtutu chini kwenye udongo, nikahesabu pole pole zaidi ya nusu dakika kabla ya kufungua, maana risasi iliyochelewa huweza kulipuka mkononi. Fataki ilikuwa na kovu dogo tu, kama limebonyezwa na ukucha. Nguruwe alishaondoka bila haraka.

Tuliporudi jikoni ami alinionyesha chupa ya nazi rafuni, imeganda nyeupe kama mshumaa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga mjini hatufiki huko mara nyingi, kule milimani ni kila usiku, na yaliyokuwa yameizunguka pini ya kugonga fataki yalikuwa yameganda vilevile. Mafuta ya alizeti na ya kula mengine yana ugonjwa tofauti: yanageuka gundi taratibu hata kwenye joto. Petroli sitaieleza sana. Inakausha chuma na mvuke wake unatafuta moto mpaka chumba cha pili.

Ukishanunua

Usipake kwa wingi. Kabla ya kufyatua, pitisha kitambaa kikavu mtutuni na chemba, kwa sababu chemba iliyolowa mafuta inaiumiza bunduki. Kabatini iweke mdomo chini, juu ya kipande cha kitambaa. Ukiisimamisha kwa kitako, mafuta yanashuka polepole yanaingia kwenye mbao pale zinapokutana na chuma, na baada ya miaka mbao inakuwa laini kama andazi. Ya baba ilishaanza, unaona doa jeusi nyuma ya mtambo.

Na ule mfuko wa turubai uwe wa safarini tu. Unanyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma usiku kucha. Wangu sasa umetundikwa stoo, ndani yake mna pampu ya baiskeli.