Akademi ya Southampton: kulea naipa nyota tano, kubakiza naipa nyota mbili

Watu wakiongelea kulea madogo Uingereza wanakimbilia Chelsea au Man United, mimi naanza na Southampton na sibadilishi. Klabu ya kusini huko, kombe kubwa pekee walilobeba ni FA la 1976, hela za wakubwa hawana, halafu cheki waliopita pale wakiwa vijana: Shearer, Le Tissier, Walcott, Bale, Lallana, Oxlade-Chamberlain, Shaw, Ward-Prowse. Hiyo sio bahati jamani.

Kinachonifanya niwape alama za juu ni kwamba dogo akiiva anacheza, na sio zile dakika tano za mwisho mechi ishaamuliwa. Shearer ameanzishwa kwenye ligi 1988 dhidi ya Arsenal, ana miaka 17, akatupia tatu. Walcott kaingia kikosi cha kwanza na miaka 16 na haujaisha mwaka yuko Kombe la Dunia 2006 na England. Bale nae 16, tena huyu mtoto wa Wales walianza kumfundisha kwenye tawi lao la Bath ili asisafiri mbali, na kuna kipindi kimo kilimsumbua ikabaki kidogo aachwe ila wakamvumilia, 2013 Real Madrid wakamnunua toka Tottenham kwa rekodi ya dunia. Uvumilivu wa hivyo klabu nyingi hazina kabisa, mtoto akiwa mfupi ana miaka 14 anaambiwa aende nyumbani.

Na hata walipofulia hawakuua akademi. 2009 wameshuka hadi daraja la tatu, kampuni inayomiliki klabu imewekwa chini ya wafilisi, msimu wanauanza na pointi 10 pungufu, Markus Liebherr ndo akaja kuwaokoa, na kufika 2012 wako Ligi Kuu huku Lallana, mtoto wao wenyewe, yumo kikosini tangu kule chini.

Sasa nyota mbili za kubakiza. Dirisha la 2014 waliuza Lallana, Shaw na Chambers kwa mpigo, Shaw peke yake karibu pauni milioni 30 akiwa na miaka 18. Iliniuma sana ile, ingawa msimu uliofuata walimaliza wa 7 maana hela walizitumia kwa akili, wakamleta Mané, na katikati Victor Wanyama wetu wa Kenya tayari yupo. Ward-Prowse ndo alikaa hadi 2023, kafunga frikiki 17 za Ligi Kuu akiwa pale, moja tu nyuma ya Beckham, na kaondoka timu imeshashuka.

Miaka hii ndo inanitia hasira zaidi. Wamepanda 2024, 2025 wakashuka tena na pointi 12 tu, Dibling, dogo wa akademi aliyekuwa anapambana kwenye timu iliyokata tamaa nae akauzwa Everton. Lawama hizo siwapi walimu wa akademi pale Staplewood, kituo chao cha mazoezi, wao kazi yao wameifanya, nawapa wanaosajili, kwa sababu dogo wa miaka 19 hawezi kubeba timu peke yake, anahitaji watu wazima wenye kiwango pembeni yake kama Lallana alivyokuwa na Lambert na Schneiderlin.