Uzoefu wangu wa kusoma chuo kwa njia ya mtandao nikitumia NVDA

Ninasoma shahada ya ualimu kwa njia ya mtandao, na kwa kuwa sioni tangu utotoni, kila ninachokisoma hunifikia kupitia NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Ni ya bure, hutumika kwenye Windows, na ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni. Nadhani ndiyo sababu mtumiaji hajisikii kama anahurumiwa. Nimekaa nayo mihula minne, kwa hiyo ninaweza kuieleza bila kuipamba.

Kilichonivutia kwanza ni kwamba inaweza kuwekwa kwenye flashi na kutumika kutoka humo humo. Kompyuta yangu ilipoharibika, nilikwenda kwenye chumba cha kompyuta, nikachomeka flashi, nikavaa hedifoni na kuendelea na kazi pale nilipoishia. Sauti yake ya Kiswahili, lazima nikiri, ni ya kimashine, na inapokutana na Kiingereza hukitamka kama kilivyoandikwa, hata neno “table” likasikika “ta-ble”, mithili ya jina la kijiji. Programu inaweza kubadili lugha yenyewe, lakini ni pale tu aliyeandaa hati anapokuwa ameonyesha kwamba aya fulani ni ya Kiingereza, jambo ambalo sijalikuta hata mara moja katika masomo yangu.

Shida kubwa zaidi nayo ilitokana na maandalizi. Maelezo ya saikolojia ya elimu yalipakiwa kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, kama kurasa za kitabu zilizopigwa skani, yaani picha za maandishi na si maandishi yenyewe, na nilipofungua faili la kwanza sikusikia chochote ila jina lake. NVDA ina njia ya kujiokoa: ukibonyeza Insert pamoja na R, hutumia uwezo wa Windows wa kutambua herufi zilizo ndani ya picha. Hata hivyo, hutambua kile tu kilichopo kwenye skrini kwa wakati huo, hivyo nikawa ninasogeza, ninabonyeza, ninasikiliza, kisha ninasogeza tena. Na nilipolifikia jedwali la hatua za ukuaji, safu zilichanganyika zote, mtoto wa miaka 2 akapewa mambo ya kijana wa miaka 12. Ilinibidi nimpigie mdogo wangu simu anisomee, naye alikuwa kazini.

Muhula uliofuata, mhadhiri mwingine alituletea maelezo yake kwenye Word, na vichwa vya mada aliviweka kwa mitindo ya vichwa iliyomo humo badala ya kukoleza herufi tu. Kwa anayeona, pengine hakuna tofauti yoyote. Kwangu mimi, nikiwa katika hali ya kuvinjari ya NVDA, ambamo herufi huwa amri za kuruka badala ya kuandika, kila nilipobonyeza H nilirukia kichwa kinachofuata, na mada nzima niliimaliza jioni moja, ilhali ile ya skani ilinila karibu wiki.

Majaribio ya Moodle husomeka vizuri, isipokuwa muda. Dakika 30 zinazomtosha anayeona haziwezi kunitosha mimi ninayesikiliza swali mara mbili na majibu yake manne. Nilipomwandikia mhadhiri huyo kwamba mfumo unamruhusu kumwongezea mwanafunzi mmoja muda bila kuwagusa wengine, alishangaa, akanirekebishia siku hiyo hiyo.

Anayetaka kuanza ajifunze vitufe walau wiki mbili kabla muhula haujafunguliwa, kwa kuwa kujifunza programu na somo kwa pamoja kunachosha mno. NVDA ninaipa alama 9 kati ya 10, moja nimeikata kwa ile sauti ya Kiswahili. Masomo yenyewe ninayapa 5, na karibu zote ni za yule wa Word.